Gari Huongea na Wasiokujua

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Anthony Doob na Alan Gross, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo nalipenda kwa ujeuri wake. Walikwenda kwenye makutano ya barabara huko California, gari lao likasimama mbele ya foleni, na taa ilipogeuka kijani dereva akatulia tuli kana kwamba hajaiona. Kazi yake ilikuwa kuwaudhi walio nyuma, na saa ikihesabu sekunde hadi honi ya kwanza. Safari nyingine alikuwa ndani ya Chrysler Crown Imperial nyeusi ya mwaka 1966, imeoshwa inameremeta. Safari nyingine alikuwa kwenye Ford ya mwaka 1954 iliyoliwa na kutu, au Rambler ya kijivu ambayo hakuna ambaye angeigeukia mara ya pili.

Nyuma ya magari hayo duni, madereva 84 katika kila 100 walipiga honi ndani ya sekunde 12. Nyuma ya Chrysler, nusu yao tu. Nusu nyingine walikaa wakameza mate na kusubiri. Tena wawili kati ya waliokwama nyuma ya gari duni hawakuhangaika hata na honi: walilisukuma bampa.

Kuna sehemu ya pili ya jaribio hilo isiyosimuliwa sana. Wanafunzi wa chuo waliulizwa wangefanyaje wakikutana na hali hiyo. Wanaume wakajibu kwamba gari la gharama ndilo wangelipigia honi upesi zaidi. Namsikia kabisa kijana akilisema hilo huku kidevu kikiwa juu: ana nini yeye, barabara ni yetu sote. Kisha ukienda barabarani unakuta mambo ni kinyume.

Sidhani kama walikuwa wanadanganya. Nadhani walikuwa wanazungumzia wanavyofikiri juu ya utajiri unaotembezwa hadharani, ilhali jaribio lilipima mwili unavyofanya kabla fikra haijafika. Tunawadharau wanaojishaua, tunawasema, tunawatungia vichekesho, halafu mkono unasita juu ya honi. Kila ninaposoma makala ya kuwasuta wapenda magari ya kifahari, nyingi zikiwa na hoja nzuri, naona zinasahau mkono huo. Mwenye Chrysler halitazami kundi la wanaomsema. Anautazama mkono uliosita, na kwa huo, fedha yake imefanya kazi aliyoituma.

Ila angalia aliyemsubiri ni nani. Ni mtu asiyemjua kabisa. Angekuwa shemeji yake angepiga honi, tena angeteremsha kioo na kumuuliza kama amelala. Mama yako hakuheshimu kwa sababu ya gari, na rafiki uliyesoma naye shule ya msingi anakumbuka kaptula yako ilivyochanika. Gari la kifahari halina la kuwaambia watu hao. Ni salamu iliyoandikiwa wapita njia: mlinzi wa geti, mhudumu wa hoteli, askari wa barabarani, mteja wa mara ya kwanza, baba mkwe mtarajiwa. Hawa wana dakika moja ya kuamua wewe ni nani, na katika dakika hiyo hawana kingine cha kushika isipokuwa kinachoonekana.

Rafiki yangu mmoja ni dalali wa nyumba na viwanja. Alipochukua mkopo akanunua gari la Kijerumani lililomzidi kimo, sote tulimcheka, naye akatuacha tucheke. Siku moja tukiwa wawili aliniambia, "Ndugu yangu, mteja hawezi kukabidhi akiba ya maisha yake kwa mtu aliyekuja anahema na jasho shingoni. Atasema huyu akizipata hizi anakimbia nazo." Gari lake, alivyolieleza, lilikuwa dhamana. Lilisema kwa niaba yake kwamba ana cha kupoteza.

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la maana. Mhenga alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nimeisikia methali hiyo ikirushwa kwa kila mwenye gari linalong'aa. Lakini kizuri hujiuza pale kinapojulikana. Mahali ambapo hakuna anayekijua, kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, na mpita njia hana namna ya kuvitofautisha.

Hapo ndipo mahubiri ya matajiri wanyenyekevu yananichosha. Mnayajua. Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, aliendesha pikapu kuukuu ya Ford akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani. Ingvar Kamprad, mwanzilishi wa kampuni ya samani ya IKEA, alikuwa na Volvo ya miaka mingi. Warren Buffett, mwekezaji bilionea, hana haraka ya kubadili gari. Hadithi hizi zote ni za kweli, na kila mara zinatolewa kama dawa: kumbe matajiri halisi hawajionyeshi, wanaojionyesha ni watu wa kuigiza. Ni nusu ya maelezo. Walton akiingia benki na pikapu yake, meneja wa benki alishatoka mlangoni kumpokea. Jina lake lilitangulia mlangoni. Unyenyekevu wa aina hiyo unawezekana kwa mtu ambaye hana mgeni tena duniani. Mwambie kijana mwenye biashara ya miaka miwili afanye hivyohivyo, uone atakavyoketishwa kwenye benchi la wanaosubiri.

Wanauchumi Kerwin Charles, Erik Hurst na Nikolai Roussanov walilichunguza jambo hili mwaka 2009 kwa takwimu za matumizi ya kaya za Marekani. Waliangalia vitu vinavyoonekana na watu: mavazi, vito, magari. Waligundua kwamba Wamarekani Weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini hutumia sehemu kubwa zaidi ya fedha zao kwa vitu hivyo kuliko Wazungu wa kipato kilekile. Wangeishia hapo, wangekuwa wamewapa wenye chuki fimbo. Hawakuishia hapo. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaelezwa na kipato cha kundi ambalo mtu anahesabiwa kuwa wa kwake, na kwamba hata miongoni mwa Wazungu mambo ni hayohayo: anayeishi katikati ya Wazungu wenye kipato cha chini hutumia zaidi kwa vitu vya kuonekana. Kwa maneno mengine, mtu ambaye dunia ikimtazama inamdhania maskini ana sababu ya kuisahihisha mapema. Anayedhaniwa tajiri tangu alipozaliwa anaweza kuvaa kandambili.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba watu wa asili fulani, au wa nchi maskini, wana ugonjwa wa kupenda makubwa, huwa namuuliza yeye mwenyewe alidhaniwa maskini mara ya mwisho lini.

Waungwana wa siku zote wana kauli yao: maskini akipata, matako hulia mbwata. Ni methali yenye kuchekesha na yenye sumu, na ukiitega sikio utajua imetoka upande gani wa meza. Haisemi lolote juu ya aliyekuwa nacho tangu zamani, ambaye matako yake yamelia mbwata vizazi vinne na watu wamezoea sauti hiyo hadi hawaisikii. Mwanauchumi Thorstein Veblen alieleza tangu mwaka 1899 kwamba fedha haimpi mtu heshima mpaka ionekane ikitumika, na watu aliokuwa akiwasema walikuwa wakubwa wa jamii, wenye kumbi na watumishi. Gari lilikuwa bado changa mno wakati huo. Lilipokomaa likachukua kazi yote hiyo kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kasri halitembei. Kasri linaonekana na aliyefika mtaani kwako, lakini gari linawafuata watu waliko.

Kadiri pesa inavyozidi, lugha ya magari nayo inabadilika, na hapa ndipo napata raha zaidi. Watengenezaji wa Kijerumani kama BMW, Mercedes na Audi wameruhusu wateja kwa miaka mingi kuagiza gari lisilo na maandishi ya modeli kwa nyuma. Gari lenye injini kubwa kuliko zote linatoka kiwandani mgongo mtupu, na mpita njia hawezi kulitofautisha na lile la bei ya chini ya familia hiyohiyo. Wakati huohuo, kwenye maduka ya vipuri, mtu mwenye gari la bei ya chini ananunua herufi za modeli kali, AMG au M, na kuzibandika kwa gundi. Yule anang'oa, huyu anabandika. Aliyeng'oa anaweza kudai kwamba hapendi maonyesho, nami simwamini sana. Ameacha kuongea na umma, akaanza kuongea na wachache wanaojua kusoma upana wa tairi, ukubwa wa breki na idadi ya mabomba ya moshi. Hadhira ndogo, iliyochujwa, na sifa yake tamu zaidi.

Wajapani wameupeleka ustadi huo mbali kuliko wote kwa Toyota Century. Gari hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1967, linambeba Mfalme wa Japani, na umbo lake ni la mstatili tulivu ambao mtu asiyejua angedhani ni teksi ya heshima. Viti vyake vya asili ni vya kitambaa cha sufu, kwa maelezo kwamba ngozi hulia kriikrii ukijigeuza. Fikiria hilo kidogo. Dunia nzima inakimbilia viti vya ngozi ili ionekane imefika, halafu waliofika wanalalamikia kelele zake. Upande wa pili wa mizani yupo yule bibi mwenye mabawa aliye juu ya Rolls-Royce tangu mwaka 1911. Siku hizi ametengenezwa azame ndani ya boneti akiguswa, kwa sababu alama ya kuonekana na kila mtu inaonekana na mwizi pia.

Ila alama hizi zote zina shimo, nalo ni mkopo. Zamani kidogo mtu akiona gari jipya la gharama alikuwa na haki ya kudhani kwamba mwenyewe amelilipa. Leo nchini Uingereza magari mapya ya watu binafsi hununuliwa kwa wingi mno kwa mikataba ya fedha, na mingi ni ile ya kulipa kila mwezi kwa miaka michache kisha kulirudisha. Ujerumani, ambako magari haya yanazaliwa, sehemu kubwa ya magari mapya husajiliwa kwa majina ya kampuni, si ya watu. Yule bwana uliyempisha kwa heshima huenda anaendesha mali ya mwajiri wake. Gari sasa linaonyesha kiasi mtu alichoaminiwa kukopeshwa, jambo ambalo si dogo, lakini si lile ulilodhani unalitazama.

Na gari ni mali ya ajabu: linapoteza thamani hata likiwa limeegeshwa, haraka zaidi katika miaka ya mwanzo, na magari makubwa ya kifahari huporomoka vibaya kuliko yale madogo ya kazi. Mnunuzi wa kwanza analipia hasara. Wa tatu analipata kwa bei ya kutupa, kisha anakutana na gharama za vipuri ambazo hazikushuka pamoja na bei. Binamu yangu aliupitia mtego huo. Alinunua sedani kubwa ya kifahari ya miaka kumi kwa bei ya gari dogo jipya, akatamba nayo msimu mmoja, kisha mfumo wa kuinua gari kwa hewa ukafa. Asubuhi tulikuwa tunalikuta limelala chini kama ng'ombe aliyegoma. Fundi alipotaja bei ya kurekebisha, binamu alicheka kwanza, akidhani ni utani.

Jirani naye ana sehemu yake. Uholanzi kuna bahati nasibu inayochezwa kwa msimbo wa posta: wakati ilipochunguzwa, kila wiki msimbo mmoja ulichaguliwa, wote wenye tiketi katika nyumba chache za msimbo huo walipata fedha, na mmoja wao aliongezewa BMW mpya. Watafiti walioongozwa na Peter Kuhn waliona hapo nafasi adimu, kwa sababu utajiri umeangukia mtaani bila kuchagua nani mchapakazi na nani mvivu. Katika matokeo yao ya mwaka 2011, majirani wa karibu wa washindi, watu ambao hawakushinda hata senti, walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kununua gari katika miezi iliyofuata. Washindi wenyewe hawakuonekana kuwa na furaha zaidi ya wengine. Nimewahi kumsimulia mtu utafiti huu akasema, "Basi ni kijicho tu." Labda. Mimi naona pia hofu ya kuonekana umebaki nyuma katika mtaa ambao jana mlikuwa sawa. Kijicho kinataka cha mwenzio kipotee. Hofu hii inataka tu usiulizwe.

Kuhusu kwamba wenye magari ya bei mbaya ni madereva wakorofi, upo ushahidi: Paul Piff na wenzake walitazama makutano na vivuko vya California, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba magari ya hadhi ya juu yanawakatia wengine njia na kupuuza waenda kwa miguu mara nyingi zaidi. Miaka michache baadaye, Jan-Erik Lönnqvist na wenzake nchini Finland waliwahoji wenye magari wakapata kundi la wanaume wabishi na wabinafsi kwenye magari ya hadhi, kama kila mtu alivyotarajia, na pembeni yao kundi jingine la watu makini, wenye nidhamu na mpangilio, waliotaka tu gari lililotengenezwa vizuri. Kundi la pili halina vichekesho.

Nimekuwa mpole hadi hapa, na kwa mtu aliyenunua kwa chake nakusudia kubaki mpole. Hasira yangu naiweka kwa gari lililonunuliwa kwa changu. Afrika Mashariki ilipopata uhuru haikuchukua muda watu wakawapa wakubwa jina la Wabenzi, na kabila hilo halijawahi kukosa watoto. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa waziri wa fedha wa Kenya, alitangaza kwenye bajeti kwamba mawaziri warudishe magari yao makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800, na zikanunuliwa Volkswagen Passat. Baadhi walirudisha, wengine wakaburuta miguu kwa visingizio vya barabara mbovu. Ni kweli barabara nyingi zilikuwa mbovu. Wananchi walikuwa wakizipita hizohizo kila siku, na kazi ya kuzitengeneza ilikuwa ya nani?

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa Teodorín Obiang, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta na mtoto wa rais. Mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani mwaka 2017 kwa kujipatia mali kwa fedha za umma, na hukumu hiyo ikathibitishwa kwa mara ya mwisho mwaka 2021. Uswisi nayo iliyashika magari yake 25 yakiwa Geneva, kesi ikafungwa kwa makubaliano, na mwaka 2019 yote yakapigwa mnada, fedha zikipangiwa miradi ya jamii nchini kwake. Lamborghini Veneno Roadster moja, kati ya tisa tu zilizotengenezwa duniani, iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 8 za Uswisi. Magari mengi kati ya hayo yalikuwa hayajatembea sana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya bei yenyewe: hayakumfikisha mtu popote.

Wanaotaka mfano wa upande wa pili hunitajia José Mujica, rais wa Uruguay kuanzia 2010 hadi 2015, na Volkswagen yake ya kobe ya mwaka 1987. Namheshimu mzee yule. Lakini gari lake lilipigwa picha kuliko Rolls-Royce zote za bara lake, na alisimulia kwamba aliwahi kuahidiwa dola milioni moja kwa ajili yake. Lilikuwa limeacha kuwa gari la mtu asiyetaka kuonekana. Lilikuwa limekuwa hotuba yake bora, tena ya kweli, maana alikuwa analiendesha kabla kamera hazijafika na akaendelea baada ya kamera kuondoka. Kiongozi anayejinunulia kigari kidogo wiki moja kabla ya kampeni ameiga hotuba, hajaiga mtu.

Simu zimetuongezea wageni. Zamani gari lako lilisalimia mitaa miwili na barabara ya kazini. Siku hizi linasalimia mamilioni, na kwa kuwa hakuna hata mmoja atakayekuja kugusa usukani, hakuna haja ya kulimiliki. Mtu anakodi gari kwa saa chache, anabadili shati mara tatu, anapata picha za mwaka mzima. Simcheki kwa sauti. Ni dalali mwingine, mteja wake tu ndiye haonekani.

Binamu, ambaye sasa anaendesha kigari kidogo kisichokula chochote, aliniuliza majuzi kama mimi ningepata fedha ningenunua gari gani, maana naandika kama mtu asiyetamani kitu. Natamani. Natamani Mercedes ya umbo la W124, dizeli, za mwishoni mwa miaka ya 80, kwa ajili ya wepesi wake barabara inapoharibika na kwa ajili ya mlango unaofunga kwa sauti nzito, mara moja, bila kubamizwa. Akaniuliza kama ningeing'oa ile nyota ya kwenye boneti, ili nisionekane Mbenzi. Nikamwambia ningeiacha palepale ilipo. Kuing'oa ni madoido ambayo siwezi kuyamudu.